Mpaka wa Ulimi Baina ya Watu wa Dini Mbalimbali

Katika neema alizojaaliwa binadamu, ulimi ni neema nyepesi kuitumia na nzito kuitolea hesabu. Kwa ulimi mtu hutamka shahada akaingia katika Uislamu, na kwa ulimi huo huo huweza kuvunja ujirani uliojengwa na babu zake. Kwa hiyo mazungumzo juu ya uhuru wa kusema si ya mawakili na wabunge peke yao. Yanaihusu kila nyumba ya Kiislamu, hasa katika nchi yetu ambamo Muislamu na Mkristo huuziana sokoni na kuzikana makaburini.

Tuutazame mji wa Dodoma na nchi ya kati inayouzunguka. Zamani misafara iliyotoka pwani na Unyamwezi ilipita Ugogo, ikatoa hongo kwa watemi ili ipate njia na maji. Reli ikafika katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Mwaka 1973 ikaamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na mwaka 2018 ikawa jiji. Upande wa kaskazini ipo Kondoa, ambako Warangi wengi ni Waislamu. Upande wa mashariki ipo Mpwapwa, ambako wamisionari wa Kianglikana walifika katika miaka ya 1870. Leo watu wa pande zote hizo hukutana Dodoma, na neno lisemwalo juu ya dini ya mwenzio halibaki masikioni mwa watu wako tu. Kipaza sauti hulifikisha kwa jirani, na simu hulifikisha Kigoma kabla ya magharibi.

Je, sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 18, yampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo yake. Ibara ya 19 yampa uhuru wa dini, pamoja na kuitangaza. Kisha ibara ya 30 yaweka mpaka, kwamba haki ya mtu isitumiwe kwa namna ya kuvunja haki za wengine. Hata Bungeni, hapo hapo Dodoma, ambako ibara ya 100 yamlinda mbunge asishitakiwe kwa aliyoyasema humo, kanuni zakataza lugha ya matusi, na Spika aweza kumtaka mbunge ayafute maneno yake. Basi hapana uhuru wa kusema usio na mpaka. Swali ni hili: mpaka huo uwekwe wapi, na nani aulinde?

Wako ndugu zetu wanaodhani kwamba dawa ni sheria kali, ili kila neno linalotuudhi lipelekwe mahakamani. Twawaomba watafakari kisa cha Morogoro. Katika Sheria ya Kanuni za Adhabu, iliyotungwa mwaka 1945 wakati wa Waingereza, kimo kifungu cha 129 kinachomwadhibu atamkaye maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Mwaka 2001 mahakama ya Morogoro ilimfunga mhubiri wa Kiislamu miezi 18 kwa kifungu hicho, kwa sababu alikana hadharani uungu wa Yesu. Waislamu walihuzunika sana, kwani alilolisema ni itikadi ambayo kila mtoto wa chuoni huisoma katika Suratul Ikhlas. Mahakama Kuu ikampunguzia adhabu akatoka gerezani, lakini hatia ikabaki. Ndipo shauri likafika Mahakama ya Rufani, nayo ikaifuta hatia yenyewe, kwa kuwa kueleza itikadi ya dini yako peke yake si dalili ya kusudi la kuwaumiza wengine.

Hukumu hiyo ni ngao yetu, lakini ni ngao ya jirani yetu pia. Tukifurahi kwamba Muislamu aweza kusema Nabii Isa si Mungu, hatuna budi kuvumilia Mkristo anaposema kwamba yeye hakubali utume wa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Laiti angaliukubali, angalikuwa Muislamu. Atakaye kumfunga jirani kwa kukanusha, na ajue kwamba kamba hiyo hiyo itamfunga yeye.

Hata hivyo, kukanusha ni jambo moja na kukashifu ni jambo jingine. Anayesema, “Sisi twaamini hivi, na hoja yetu ni hii,” amekanusha. Anayemfanyia mzaha mtukufu wa watu wengine ili wafuasi wake wacheke, amekashifu. Wazee wetu wa bara wajua tofauti hiyo katika utani: mtani humcheka mtani wake hata msibani na hapana anayekasirika, lakini akipita kiasi huambiwa kwamba huo si utani tena.

Kurani Tukufu, katika Suratul An'am, aya ya 108, yatukataza kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine badala ya Mwenyezi Mungu, wasije nao wakamtukana Mungu kwa uadui na ujinga. Tena Mtume (S.A.W.) ametuachia mfano. Ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipokwenda Madina, ulijadiliana naye juu ya jambo hili hili la Nabii Isa. Hawakukubaliana. Hakuwapiga wala hakuwafunga. Waliondoka na mkataba wa kulindwa wao na dini yao.

Tukiuacha mfano huo twaona matokeo yake. Mwezi Februari 1998, ugomvi juu ya mihadhara ya dini ulifikisha polisi ndani ya msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, na watu wakauawa. Mwezi Oktoba 2012, huko Mbagala, mtoto alidaiwa kuinajisi Kurani, na makanisa yakachomwa moto. Kosa la mtoto mmoja lililipwa kwa nyumba za ibada za watu ambao hawakulitenda.

Basi mpaka wa sheria na uwe mwembamba, uwashike wale tu wenye kusudi la kuumiza na kuchochea vita. Lakini mpaka wa adabu na uwe mpana, nasi tuulinde wenyewe majumbani mwetu. Baba asiicheke sala ya Wakristo mbele ya wanawe, kwani watakwenda nayo shuleni. Mama akiletewa katika simu maneno ya kuikashifu dini yoyote, na yaishie kwake. Na mhubiri ajiulize kabla ya kushika kipaza sauti: je, nataka jirani yangu aijue haki, au nataka aone haya? Likiwa la kwanza na aseme bila hofu, maana sheria i pamoja naye. Likiwa la pili na anyamaze, hata kama hakuna hakimu atakayemhukumu, kwani yuko Hakimu asiyepitwa na neno.

Wabillahi tawfiq.