Kahawa ya Chimbuko Moja: Namna ya Kuichagua, Kuipima na Kuifurahia

Ipagala, kata iliyoko upande wa mashariki wa Jiji la Dodoma, karibu na barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam, si nchi ya mibuni. Mvua zake ni chache na za msimu mmoja, jua lake ni kali, na mashamba ya nyanda hizi yamezoea zabibu, mtama, uwele na karanga. Hata hivyo, mpenzi wa kahawa anayeishi hapo amejaliwa jambo moja: Dodoma ni njia panda ya nchi. Barabara ya kaskazini hutoka Arusha kupitia Babati na Kondoa. Ya kusini hutoka Mbeya kupitia Iringa. Ya magharibi huliunganisha jiji na Singida, na mbele zaidi na Kanda ya Ziwa. Kila moja inatoka upande unaolima kahawa, na kahawa za pande hizo tatu hazifanani kwa ladha, kwa harufu wala kwa nguvu.

Tofauti hiyo ndiyo inayosahaulika katika vyumba vya matibabu. Mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu, au mama mjamzito anayehudhuria kliniki, huuliza: “Daktari, kahawa niiache?” Aghalabu hujibiwa kwa neno moja. Aliyeambiwa aache huondoka na huzuni ndogo, na huenda akaendelea kunywa kwa siri. Aliyeambiwa aendelee huondoka bila kujua kipimo. Jibu lenye manufaa hudai mambo manne yajulikane: ni kahawa gani, ni kiasi gani, imetayarishwaje, na inanywewa saa ngapi. Mnywaji anayejua chimbuko la kahawa yake tayari ameshika ufunguo wa jambo la kwanza, na mengine matatu humfuata kwa urahisi.

Chimbuko moja maana yake nini

Kahawa ya chimbuko moja ni ile iliyotoka katika nchi moja, mkoa mmoja au, kwa maana finyu zaidi, chama kimoja cha ushirika au shamba moja, bila kuchanganywa na nyingine. Kahawa teule ni jambo la daraja: waonjaji waliofunzwa huipima kwa alama 100, wakizingatia harufu, utamu, uchachu, uzito wake kinywani na usafi wa ladha. Kahawa isiyofikia alama 80 haihesabiwi kuwa teule.

Tanzania ina utajiri wa machimbuko. Arabika hulimwa katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, katika Mbozi mkoani Songwe, katika Mbeya, Kigoma, na Mbinga mkoani Ruvuma. Robusta hulimwa hasa mkoani Kagera, ambako Wahaya wameitumia tangu kabla ya ukoloni: huichemsha, huikausha, kisha huitafuna, na mgeni hukirimiwa kwa punje hizo. Huko Kilimanjaro arabika ilianza kupandwa na wamisionari Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1933 wakulima wa mlima huo wakawa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Hadi leo zaidi ya asilimia 90 ya kahawa ya nchi hutoka kwa wakulima wadogo. Sehemu kubwa ya mavuno yao husafirishwa nje, na mara nyingi kahawa bora ya Tanzania hujulikana zaidi Japani na Ujerumani kuliko Dodoma.

Mnunuzi asichanganye daraja la ladha na alama za ukubwa. Herufi AA zinazoandikwa kwenye mifuko huonyesha kwamba punje ni kubwa, si kwamba ladha yake imethibitishwa. Kadhalika punje za mviringo, zitokeazo pale tunda linapobeba mbegu moja badala ya mbili, husifiwa sana; lakini nazo hupotea ladha zikikaangwa vibaya au zikikaa muda mrefu.

Punje na dozi

Kwa mhudumu wa afya, tofauti kati ya arabika na robusta ni tofauti ya dozi. Arabika huwa na kafeini ya takriban asilimia 1.2 ya uzito wake; robusta hukaribia mara mbili ya hapo, takriban asilimia 2.2. Kwa hiyo gramu 10 za unga wa arabika, yaani kama vijiko viwili vya mezani, hubeba takriban miligramu 120 za kafeini. Gramu 10 za robusta hubeba takriban miligramu 220. Si yote inayoingia kikombeni, lakini sehemu kubwa huingia.

Takwimu hizo zipimwe kwa viwango vinavyokubalika. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi, na kwamba kwa mjamzito na anayenyonyesha kiwango hicho kiwe 200. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma kwa wajawazito wa mwaka 2016, linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku apunguze. Basi mama anayekunywa kikombe kimoja cha arabika ya Mbozi asubuhi yuko mahali tofauti kabisa na yule anayekunywa vikombe viwili vizito vya robusta, ingawa wote wawili watasema kliniki kwamba “hunywa kahawa kidogo”.

Kununua kwa macho na pua

Kahawa iliyokaangwa ni kama mkate: ina siku zake. Baada ya kutoka motoni, punje hutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, na hewa hiyo huondoka pamoja na harufu. Oksijeni, mwanga, joto na unyevu humalizia kazi. Punje nzima zilizofungwa vizuri huwa katika ubora wake kuanzia siku chache baada ya kukaangwa hadi takriban mwezi mmoja. Zikishasagwa, uzuri wake hupungua ndani ya siku, hata saa.

Kwa sababu hiyo mnunuzi wa Ipagala, awe dukani au anapoagiza kwa basi kutoka kwa mkaangaji wa Moshi au Mbeya, aulize maswali machache. Imetoka wilaya gani au chama gani? Ni arabika au robusta? Imekaangwa tarehe ngapi? Tarehe ya mwisho wa matumizi haitoshi. Inayotakiwa ni tarehe ya kukaangwa. Kisha aifungue pua. Harufu iwe hai, ya matunda, ya kakao au ya karanga. Harufu ya ukungu au ya mafuta yaliyochacha ni sababu ya kuiacha. Punje nyeusi zinazong’aa kwa mafuta ama zimekaangwa sana, ama zimekaa mno. Ni afadhali kununua robo kilo kila baada ya wiki mbili au tatu kuliko kilo nzima ya miezi sita. Robo kilo hutoa vikombe takriban 20, na joto la Dodoma halina huruma kwa akiba kubwa. Ihifadhiwe kabatini, katika chombo kisichopitisha hewa wala mwanga, mbali na jiko.

Asiyepata mkaangaji anaweza kununua kahawa safi, yaani punje zilizokobolewa ambazo hazijakaangwa, nazo hudumu miezi mingi mahali pakavu. Hukaangwa katika chungu au kikaango kizito, moto wa wastani, mwiko usisimame. Punje hugeuka njano, kisha kahawia, halafu hualika kama bisi. Muda mfupi baada ya mlio huo, kabla hazijawa nyeusi, humwagwa kwenye ungo na kupepetwa zipoe upesi. Huachwa zipumzike siku moja au mbili, kisha hutwangwa kwa kinu kiasi cha kunywa tu.

Maji, chujio na subira

Kwa kikombe cha mililita 200, gramu 12 za unga zinatosha. Maji yanayofaa ni ya nyuzi joto 90 hadi 96. Hapo nyanda za kati zimependelewa na maumbile: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 96. Ayachemshaye Ipagala anaweza kuyamimina moja kwa moja bila kuunguza ladha. La kuangalia ni chumvi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana madini mengi, na madini hufifisha uchachu mzuri wa arabika. Maji yasiyopendeza kunywewa peke yake hayatatoa kahawa nzuri.

Namna ya kuchuja nayo ina uzito wa kitabibu. Kahawa iliyochemshwa pamoja na unga wake hubaki na mafuta yaitwayo kafestoli na kahweoli, ambayo huongeza lehemu mbaya katika damu. Chujio la karatasi huyazuia karibu yote. Kichujio cha chuma huyapitisha. Mwenye lehemu nyingi hahitaji kuagana na kahawa. Abadilishe chujio kwanza.

Baada ya hapo inatakiwa subira. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilipitia ushahidi na kueleza kwamba kahawa yenyewe haiwezi kuwekwa katika kundi la visababishi vya saratani, ila vinywaji vyovyote vinavyonywewa vikiwa na joto zaidi ya nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya umio. Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye mzigo mkubwa wa saratani hiyo. Kikombe na kiachwe dakika kadhaa. Hakuna hasara: kahawa teule hufunguka ladha kadiri inavyopoa, na utamu ambao joto kali liliuficha hujitokeza.

Utamu huo ndio faida ambayo mgonjwa wa kisukari asiikose. Sukari nyingi hutiwa kahawani ili kufunika uchungu wa punje zilizoungua au zilizochakaa. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja huleta vijiko tisa, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba, kwa faida zaidi ya afya, sukari ya kuongezwa ipunguzwe hadi chini ya takriban vijiko sita kwa siku. Kahawa mpya iliyokaangwa kwa kiasi haihitaji kufunikwa. Wala jambo hili si geni: wazee wa pwani wamekunywa kahawa chungu kutoka kwenye dele kwa vizazi, bila sukari ndani ya kikombe. Kashata iliyo pembeni ndiyo ya kuhesabiwa.

Saa ya kunywa

Mwenye kuhitaji hadhari zaidi ni mwenye upungufu wa damu. Utafiti wa kitaifa wa afya na viashiria vya demografia wa 2015–16 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu huo. Ugali wa mtama kwa mlenda una madini ya chuma ya mimea, na hayo ndiyo yanayozuiwa na kahawa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1983, kahawa iliyonywewa pamoja na chakula ilipunguza ufyonzwaji wa madini hayo kwa asilimia 39. Chai ilipunguza kwa 64. Iliponywewa saa moja baada ya chakula, kizuizi kilibaki vilevile. Iliponywewa saa moja kabla, hakikuonekana. Kwa hiyo kahawa itangulie chakula kwa saa moja, au ingoje walau saa mbili baada yake, na kamwe isimezewe vidonge vya kuongeza damu.

Mwenye shinikizo la juu asinywe kahawa ndani ya dakika 30 kabla ya kupimwa, kwani kipimo kinaweza kupanda kwa muda na kuleta dawa isiyohitajika. Anayetumia levothairoksini kwa ajili ya tezi ya shingo aimeze kwa maji matupu na kuipa kahawa saa moja. Anayetumia siprofloksasini ajue kwamba dawa hiyo huchelewesha uvunjwaji wa kafeini mwilini, hivyo kikombe cha kawaida kinaweza kumletea mapigo ya moyo ya kasi na kukosa usingizi. Katika mtu mzima nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya takriban saa tano. Katika miezi ya mwisho ya ujauzito muda huo unaweza kuongezeka mara tatu. Muuguzi wa zamu ya usiku anayekusudia kulala saa mbili asubuhi na anywe kikombe chake mapema usiku, si alfajiri.

Kwa upande wa neema, mapitio mapana yaliyochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2017 yaliwakuta wanywaji wa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku wakiwa na hatari ndogo ya maradhi ya ini na kisukari cha aina ya pili kuliko wasiokunywa. Tafiti nyingi kati ya hizo ni za ufuatiliaji; hazitoshi kumfanya mtu aanze kunywa kahawa kama dawa. Zinatosha kumtuliza anayeipenda.

Mgonjwa atakapouliza tena kama aiache kahawa, mhudumu anaweza kumjibu kwa maswali: inatoka wapi, imekaangwa lini, unatumia vijiko vingapi vya unga na vingapi vya sukari, unaichuja kwa nini, na unainywa kabla au baada ya chakula? Dakika mbili zinatosha kuyauliza. Wengi watakaoyajibu wataondoka na kikombe chao, kikiwa na kipimo na saa yake.