Maji ya Ziwa Kivu na Uaminifu wa Majaribio ya Maabara

Yeyote aliyeteka maji ya Ziwa Kivu kwenye ufuko wa Gisenyi, akayaweka nyumbani siku kadhaa katika dumu la plastiki, anaujua utelezi unaojitokeza upande wa ndani wa chombo hicho. Wengi huudhania kuwa ni uchafu wa kawaida. Kwa kweli utelezi huo ni makazi. Vijidudu vilivyokuwa vikielea majini hujibandika kwenye plastiki, huongezeka, kisha hutoa ute unaovifunika na kuviunganisha. Wataalamu huyaita makazi hayo utando wa bakteria. Klorini inayoua upesi kijidudu kinachoelea huweza kushindwa kukifikia kile kilichojificha ndani ya ute.

Katika sehemu hizi jambo hilo si la wataalamu peke yao. Mnamo Julai 1994, watu wapatao 500,000 hadi 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma na viunga vyake katika muda wa siku chache. Ardhi ya mawe ya volkano haikuchimbika vyoo, na maji ya karibu yalikuwa ya ziwa. Kipindupindu kilizuka, kikafuatwa na ugonjwa wa kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wanaokaribia 50,000, wengi wao kwa maradhi ya kuharisha.

Kijidudu cha kipindupindu ni hodari wa kujenga utando. Hupenda hasa kujibandika kwenye magamba ya viumbe vidogo vya majini vya jamii ya kamba. Huko Bangladesh watafiti waliufanya ujuzi huo kuwa kinga: akina mama wa vijijini walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kuukuu kilichokunjwa mara kadhaa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba ugonjwa ulipungua kwa karibu nusu. Kitambaa hakikuwa na matundu madogo ya kutosha kumzuia bakteria mmoja mmoja. Kilizuia viumbe vile vilivyombeba.

Lakini tukiuliza klorini kiasi gani, kwa dakika ngapi, itausafisha utando ulioota ndani ya dumu, jibu hutafutwa maabara, na hapo ndipo penye tatizo. Maabara mbili zenye wataalamu hodari huweza kupima dawa ile ile na kupata majibu yanayotofautiana sana.

Njia inayotumika zaidi ni rahisi. Vijidudu huoteshwa katika sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96. Baadaye visima husuuzwa, hutiwa rangi ya zambarau, husuuzwa tena, na rangi iliyobaki hupimwa. Rangi hiyo haibagui: hushika vijidudu vilivyo hai, vilivyokufa, na ute wenyewe. Anayesuuza kwa nguvu hung'oa utando ambao mwenzake angeuacha. Visima vya pembeni hukauka upesi kuliko vya katikati. Tena wako wanaojaza visima vinane katika sahani moja, siku moja, kwa mbegu moja ya vijidudu, halafu wakaandika kwamba wamerudia jaribio mara nane. Hao wamelifanya mara moja tu. Kurudia ni kuanza upya siku nyingine, kwa mbegu mpya.

Hata jina la kijidudu huweza kudanganya. Miongoni mwa mbegu za kipindupindu zinazotumiwa sana na watafiti imo C6706, iliyotokana na mlipuko wa Peru wa mwaka 1991. Maabara moja ilikuwa ikiipa nyingine, na kila moja iliamini kwamba inayo mbegu ile ile. Mwaka 2016 Sandrine Stutzmann na Melanie Blokesch wa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba chini ya jina hilo ilikuwa ikizunguka mbegu iliyobadilika katika jeni moja, ile inayosaidia vijidudu kutambuana wingi wao. Na ni kwa kutambuana huko vijidudu huamua wakati wa kujenga utando na wakati wa kuuacha. Basi watu walibishana juu ya matokeo, kumbe hawakuwa wakichunguza kitu kimoja.

Mwaka 2014 kundi la wataalamu lilipendekeza orodha ya mambo ambayo kila mtafiti wa utando ayaandike: mbegu na asili yake, chakula na joto, aina ya plastiki au chuma, umri wa utando, namna ya kusuuza, na idadi halisi ya marudio. Huko Marekani zipo pia njia za kupima zilizowekwa kuwa kanuni rasmi baada ya kujaribiwa katika maabara nyingi. Kazi ya namna hii haimletei mtu sifa, na pengine ndiyo sababu hucheleweshwa.

Hata hivyo tusikubali kwamba kanuni inamaliza kila kitu. Utando wa maabara mara nyingi huwa na umri wa siku moja au mbili, tena ni wa aina moja ya kijidudu kilicholishwa vizuri. Ule wa dumu la Gisenyi una miezi, umechanganyika aina nyingi, na umeota katika maji ya ziwa yenye chumvichumvi za volkano. Jaribio linaloweza kurudiwa kila mahali bila kosa huenda lisiseme lolote juu ya dumu hilo. Kwa hiyo wataalamu wa pande mbili za mpaka, Gisenyi na Goma, wanaotumia ziwa moja, wanahitaji kwanza kukubaliana juu ya njia moja, mbegu moja iliyohakikiwa, na daftari la namna moja. Kisha waijaribu njia hiyo juu ya vipande vilivyokatwa kutoka madumu ya zamani, ndani ya maji ya Kivu yenyewe, na kila upande urudie kazi ya mwenziwe kabla mama wa nyumbani hajaambiwa atie matone mangapi.