Je, Wajua? Ramani yenye kosa iliyoelekeza watu Uvira

Mwaka 1856 wanajiografia wa London waliletewa ramani ya ajabu: ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, limejinyoosha kama konokono asiye na gamba. Wamishonari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann waliichora bila kuliona ziwa lenyewe. Waliwahoji watu wa misafara huko pwani, Erhardt akiwa Tanga, na kila njia ya bara ilisemekana kuishia kwenye maji makuu. Basi wakayaunganisha yote. Kumbe ni maziwa matatu: Tanganyika, Nyasa na Victoria!

Lakini mchoro ule ulifaa kuliko maelezo matupu, kwani mwenye shaka aliweza kuweka kidole pale pale anapopapinga. Ndiyo maana wabunifu wa leo, wawe wa majengo au wa programu, huchorachora kwanza kwa penseli. Mchoro usionakshiwa hauogopwi. Mwenzako atausahihisha bila haya.

Ubishi wa London juu ya ramani ile ulichangia kuwaleta wapelelezi Waingereza Burton na Speke, wakiongozana na msaidizi wao, Sidi Mubarak Bombay. Aprili 1858 walipanda mitumbwi katika ziwa Tanganyika kutoka Ujiji hadi Uvira, Burton akitumaini kwamba mto Ruzizi hutoka ziwani kwenda Nile. Wenyeji wakamwambia wazi: mto unaingia. Wapiga makasia walikataa kuendelea, na mdomo wa mto hawakuuona. Ilibidi kungoja hadi Novemba 1871, wasafiri Livingstone na Stanley walipofika hapo kwa mtumbwi wakakuta Ruzizi ukimwaga maji yake ziwani.