Kent Zipo Mbili

Shemeji alitua Sea-Tac jioni, nikamwambia kwa simu: panda treni, shuka Kent. Mimi nikaenda kumsubiri Kent Station, bondeni, penye maduka. Saa nzima ikapita. Kumbe yeye kashuka Kent Des Moines, huko juu karibu na chuo cha Highline, amekalia sanduku lake anatazama magari ya I-5. Kosa lilikuwa langu.

Tangu Desemba 2025, mji wetu wa Kent, kusini mwa Seattle, una vituo viwili vya treni vyenye jina lake, na treni zenyewe ni mbili tofauti. Cha bondeni ni cha Sounder, ambayo kwa kawaida hufanya safari siku za kazi, hasa asubuhi na jioni. Cha juu ni cha Link, treni ya umeme ya kila siku, ambayo sasa imefika Federal Way. Njia hiyo ya Link ilianza 2009, ikafika Angle Lake 2016, kisha upande wa kusini ikakwama hapo miaka tisa.

Mwaka huohuo wa 2016 wapigakura wa kaunti za King, Pierce na Snohomish walipitisha mpango wa usafiri wa ST3, wa dola bilioni 54 hivi. Ukishtuka kila unapolipia stika ya gari, ujue sehemu ya pesa yako imekuwa reli. Na reli yenyewe ilichelewa: mwaka 2022 udongo wa mteremko mmoja wa Kent, pembeni ya I-5, uliteleza. Wahandisi wakaona nguzo walizopanga hazitasimama pale, ikabidi wajenge daraja refu la kupavuka.

Nauli ya Link kwa mtu mzima ni dola 3, uende karibu au mbali. Hakuna geti wala kondakta; unagusisha kadi ya ORCA kwenye mashine kabla ya kupanda, basi. Wengi wetu hupoteza pesa hapa: ukilipa basi kwa fedha taslimu, karatasi unayopewa haikubaliki kwenye treni, unalipa upya. Kwa kadi, malipo ya basi yanahesabiwa kwenye treni ndani ya saa mbili. Mwenye mapato yasiyozidi mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu aombe ORCA LIFT, alipe dola 1. Watoto hadi miaka 18 hawalipi kitu.

Ila kwa familia zilizopanga East Hill, ng'ambo ya bonde, kituo kipya bado ni safari. Maegesho yake ni ya magari 500 tu, kwa hiyo tegemeo ni basi, kama namba 165 linalotoka upande huo kwenda Highline. Pia linaandaliwa basi la RapidRide I, la kuchukua nafasi ya basi namba 160 kati ya Renton, Kent na Auburn. Kwa maoni yangu basi hilo litatufaa kuliko reli, maana linapita tunakoishi.

Wenye magari nao wana lao. Barabara ya 509, iliyokuwa ikiishia mjini SeaTac kama sentensi iliyokatwa, inaunganishwa na I-5. Maili ya kwanza ilifunguliwa 2025. Malori ya bandarini yatapungua I-5, lakini 509 mpya ni ya tozo. Usipofungua akaunti ya Good To Go, bili inakufuata kwa posta, tena kwa bei ya juu.

Shemeji siku hizi anafanya kazi uwanja wa ndege. Zamu yake inaanza saa kumi alfajiri, na saa hizo treni ya kwanza haijafika. Anateremka hadi Pacific Highway, anasimama chini ya taa, anasubiri basi la RapidRide A.