Darubini Isafiriyo

Mtu akaaye Bulla Pesa, katika mji wa Isiolo, hana haja ya kwenda mbali kutafuta somo la falaki. Mvua ni haba, na akizipita taa za mji kwa njia ya Archer's Post ataona nyota zimetapakaa mpaka upeo wa macho. Tena Isiolo i karibu sana na ikweta, hata nyota za kaskazini na za kusini huonekana pia, bahati ambayo mwanafunzi wa London hana. Kinachokosekana ni chombo.

Kampuni moja ndogo ya Nairobi, The Travelling Telescope, imejitwika kazi ya kukipeleka chombo hicho mashuleni. Ilianzishwa mwaka 2014 na Bibi Susan Murabana pamoja na mumewe, Bwana Chu Owen. Bibi huyo aliingia katika kazi hii kwa kujitolea, akifuatana na kikundi kilichozuru shule kufundisha sayansi. Shahada ya falaki aliisomea baadaye. Darubini yao kubwa ina kioo cha upana wa inchi 12. Wana pia hema la kujazwa upepo, ambalo watoto huingia mchana wakaonyeshwa picha za mbingu juu ya dari yake.

Petroli hainunuliwi kwa nia njema. Shule zenye uwezo hutoa ada, na ada hizo husaidia safari za kuziendea shule zisizo nacho. Samburu, jirani wa Isiolo, wamekwisha kufika.

Wala hawaleti jambo geni. Wazee wa Kiborana tangu kale huhesabu miezi kwa kuangalia mwezi unavyokutana na nyota fulani, nao wana siku 27 zenye majina. Mtoto aliyesikia hayo kwa babu yake, kisha akaiona pete ya Zohali kwa jicho lake, amepata masomo mawili yanayoshikana.

Lakini gari huja usiku mmoja likaondoka, na mwalimu hubaki na chaki yake. Basi na atafute darubini ya macho mawili, kama ile ya askari wa wanyama. Akiiegemeza ukutani isitikisike, ataiona miezi minne ya Mushtarii kama vitone vya nuru. Watoto na wachore mahali pa kila kitone, na kesho yake wachore tena: watakuta vimehama.