Pumu: kifua kikinyamaza, usishangilie

Mzazi, mtoto mwenye pumu akibanwa, usipime ukali kwa sauti ya filimbi kifuani pekee. Sauti hiyo ikitoweka huku bado anahangaika kupumua, hewa karibu haipiti kabisa. Hiyo ni hatari kubwa.

Mwulize swali. Akimaliza sentensi bila kukatika, huenda hali bado si mbaya. Akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu, au mdogo akishindwa kula, amezidiwa. Tazama pia ngozi kati ya mbavu ikibonyea, na midomo ikigeuka bluu au kijivu.

Ukiona dalili hizi, mkalishe wima, mpe dawa yake ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, na mkimbize hospitali. Usisubiri kupambazuke.