Walipomwita Mukombozi

Njooni karibu, wanangu, na wale wa nyuma wasogee. Leo nawasimulia habari za manabii wa uongo, na sitawapeleka mbali kuzitafuta. Nyingine zilitokea hapa hapa Lubutu, katika msitu huu wa Wakumu.

Lakini kwanza kuna picha ambayo nataka ifutike vichwani mwenu. Najua wengi wenu mnamwogopa Mpinga Kristo wa kwenye filamu, yule mwenye macho mekundu na pembe, mwenye namba 666 kwenye paji la uso. Fungueni Ufunuo sura ya 13 mjisomee wenyewe. Namba ile wanatiwa wafuasi, si mnyama. Na mnyama wa pili, yule anayewadanganya watu, pembe zake ni kama za mwanakondoo. Ukimwona hutakimbia. Ubaya wake unajulikana anapofungua kinywa.

Yesu naye alionya juu ya wadanganyifu akiwa ameketi juu ya Mlima wa Mizeituni, hekalu likiwa mbele yake ng'ambo ya bonde. Petro, Yakobo, Yohana na Andrea walimwendea faraghani wakamuuliza mambo ya mwisho yatakuwa lini. Walitaka siku. Yeye akaanza kwa kuwaonya wasidanganywe na mtu. Wengi watakuja wakitumia jina langu, aliwaeleza, na wengine watafanya hata ishara kubwa. Kisha akawapa agizo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: mkiambiwa Kristo yuko jangwani, msiende huko, mkiambiwa yumo chumbani ndani, msisadiki. Shikeni maneno hayo mawili, jangwa na chumba. Tutakutana nayo tena.

Na hayakuwa maneno ya kutisha watu bure. Katika Matendo ya Mitume sura ya 21, mkuu wa askari wa Kirumi anamkamata Paulo na kumuuliza kama yeye ndiye yule Mmisri aliyewaongoza watu elfu nne kwenda jangwani. Yaani miongo michache tu baada ya Yesu, tayari mtu alikuwa amewatoa watu majumbani mwao akawapeleka nyikani.

Jina lenyewe la Mpinga Kristo halimo katika Ufunuo. Limo katika barua za Yohana peke yake, na Yohana anasema wapinga Kristo wengi wamekwisha kuja, tena walitoka kati yetu. Paulo naye, akiwaandikia Wathesalonike, anamtaja mtu mmoja wa kuasi atakayeketi hekaluni na kujifanya Mungu. Basi Wakristo wamebishana karne nyingi: ni mtu mmoja wa siku za mwisho, au ni roho inayozuka kila kizazi? Martin Luther aliona ni upapa. Wengine wanasema namba 666 ilimhusu Nero, mfalme wa Roma. Mimi siwazuii kubishana. Ila angalieni jambo ambalo Yesu, Paulo na Yohana wote wanalisema: huyo mdanganyifu hatokei kwa wapagani. Anatoka ndani, jina la Mungu liko mdomoni mwake, na anakaa kwenye kiti kisicho chake.

Sasa turudi msituni kwetu.

Kule Marekani alikuwako mhubiri aitwaye Charles Taze Russell, aliyefundisha kwamba nyakati za mataifa zitakwisha mwaka 1914. Mafundisho yake yalifika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na mwaka 1908 Elliot Kamwana akaanza kuyahubiri huko. Watu walibatizwa kwa maelfu. Kutoka hapo yakatembea pamoja na wafanyakazi wa migodi, yakapita Zambia ya leo, yakaingia Katanga. Njiani yalibadilika. Wazungu wa Marekani hawakuyatambua tena, na Waafrika wakayafanya yao. Ndiyo Kitawala.

Katika safari hiyo alitokea mtu wa kutisha. Jina lake Tomo Nyirenda, lakini alijiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu. Mwaka 1925 alikuwa akibatiza watu mtoni, na wale aliowaona ni wachawi aliwazamisha katika maji yale yale ya ubatizo. Aliua watu wengi upande wa Zambia, akavuka akaua Katanga pia. Alinyongwa mwaka 1926. Fikirini juu ya wale waliosimama ukingoni wakitazama. Walimwamini, kwa kuwa uchawi ulikuwa hofu yao ya kweli na hakuna mwingine aliyeahidi kuumaliza.

Serikali ya Wabelgiji iliwakamata watu wa Kitawala ikawahamisha kutoka Katanga, ikawatawanya mbali na kwao. Walikopelekwa, waliendelea kuhubiri. Mafundisho yakasogea kaskazini mpaka yakatufikia.

Na yalitukuta katika hali gani? Ilikuwa vita kuu ya pili ya dunia. Wajapani walikuwa wameteka mashamba ya mpira ya Asia, na majeshi yaliyopigana nao yalitaka mpira kutoka kwetu. Tangu mwaka 1942 kazi za lazima ziliongezwa kutoka siku 60 hadi siku 120 kwa mwaka. Mwanamume aliingia msituni kutafuta mpira, akaitwa barabarani, akaitwa mgodini, na shamba la mke wake likabaki bila mtu wa kulifyeka. Asiyetimiza alifungwa. Asiyesikia alichapwa fimbo. Wazee waliokuwapo hawakuhitaji kuambiwa kwamba dunia ile haifai kuendelea.

Ndipo akainuka Bushiri Lungundu. Alikuwa Mkumu, mtu wa Kitawala, na watu wakamwita Mukombozi. Alisema utawala wa Wazungu umefika mwisho na kwamba yeye amepewa mamlaka ya Yesu. Mapema mwaka 1944 watu waliinuka kuanzia Masisi hadi Lubutu. Waliwakamata watumishi wa serikali, wakawatesa, damu ikamwagika. Serikali ikaleta askari. Vijiji vikapigwa, watu wengi wakauawa, Bushiri akakamatwa. Baada ya hapo kambi za kuwahamishia watu walioitwa hatari, Kasaji kule Katanga na Ekafera kule Équateur, ziliwapokea watu wa Kitawala ambao wengine hawakuiona tena nyumba yao.

Nawaomba msikimbilie kumhukumu Bushiri kwa neno moja. Mateso aliyoyasema yalikuwa ya kweli. Fimbo zilikuwa za kweli, na siku 120 zilikuwa za kweli. Mwindaji hategi kwa jiwe. Anaweka kitu ambacho mnyama anakitaka kwa njaa ya kweli. Ndiyo sababu nabii wa uongo ni hatari: anajua panapouma. Angekuja na uongo mtupu, hata mtoto angemcheka. Kosa la Bushiri halikuwa kusema watu wanaonewa. Lilikuwa kujivika ukombozi ambao Wakristo wanamwachia Yesu peke yake, kisha kuwapeleka watu kwenye damu kwa jina hilo. Na Mbelgiji aliyemwita mdanganyifu, huku yeye mwenyewe akiwachapa watu fimbo na kuwahimiza waende misa, mimi simpi cheti cha kuwa mkweli.

Kwa sababu wakati mwingine wenye nguvu humwita mtu nabii wa uongo kwa kuwa anawasumbua tu. Mnalijua jina la Simon Kimbangu. Mwaka 1921, kule Nkamba katika Bas-Congo, alianza kuhubiri na kuombea wagonjwa. Aliwaambia watu watupe hirizi na waache kuoa wake wengi. Baada ya miezi michache mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo. Mfalme Albert akaibadilisha hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akakaa gerezani Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mpaka alipokufa mwaka 1951. Miaka 30. Hakuwaita watu washike silaha. Yesu alisema manabii watambuliwe kwa matunda yao, na matunda hayasomwi kwenye karatasi ya serikali.

Kijana mmoja hapa ataniuliza: kama mkweli na mwongo wote wanafungwa, na wote wanahubiri, nitawatofautishaje?

Nendeni nami Uganda, kusini-magharibi, Kanungu. Miaka ya 1990 ukimwi ulikuwa umewamaliza wazazi wengi pande hizo, na vita vilikuwa vimepita. Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliwakusanya watu katika kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Walisema Bikira Maria amewatokea. Walisema dunia itakwisha tarehe 31 Desemba 1999. Wafuasi waliuza mali zao, wakakabidhi fedha. Kisha wakazuiwa kuzungumza. Wengi walikuwa wakiwasiliana kwa ishara za mikono. Hapa nawaomba msimame kidogo. Mtu asiyeruhusiwa kusema hawezi kuuliza, na asiyeuliza hawezi kumwambia mwenzake aliye kando yake kwamba ana wasiwasi. Mwaka 2000 ukafika, dunia ikawa pale pale. Tarehe 17 Machi mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lililofungwa milango na madirisha, watoto wakiwemo. Baadaye polisi walifukua maiti nyingine katika nyumba za kundi hilo. Hicho ndicho chumba cha ndani.

Jangwa tunalikuta Kenya, nyuma ya mji wa Malindi, katika msitu wa Shakahola. Mchungaji Paul Mackenzie alikuwa amehubiri kwamba shule ni ya shetani na hospitali ni ya shetani, na kwamba Huduma Namba, ile namba ya serikali ya kuandikisha raia, ni alama ya mnyama. Alifunga kanisa lake mwaka 2019, na wafuasi wakamfuata msituni. Waendesha mashtaka walisema aliwaambia wafunge kula mpaka wafe ili wamwone Yesu, watoto wakitangulia. Yeye alikana mashtaka. Kuanzia Aprili 2023 makaburi yalifukuliwa, na miili zaidi ya 400 ikatolewa. Kati yao walikuwamo watoto wengi, wengine wadogo kuliko ninyi. Hakuna aliyewauliza wao kama wanataka kumwona Yesu kwa njia ile.

Tazameni basi yalivyofanana. Mwana Lesa, Kanungu, Shakahola: mmoja peke yake anajua kilichofichwa, wengine ni kutii tu. Mara nyingi mali inapanda kwake. Shule, daktari, mama mzazi au jirani anageuzwa adui. Na mara nyingi ipo siku, au dalili ya siku, ambayo Yesu mwenyewe alisema hakuna aijuaye, hata malaika, hata Mwana, ila Baba. Musa alikuwa amekwisha kutoa kipimo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 18: nabii akisema jambo kwa jina la Bwana na lisitimie, msimwogope. Napenda sana kwamba hakusema tu msimwamini. Alisema msimwogope, kwa maana alijua hofu ndiyo inayowashika watu hata baada ya tarehe kupita.

Kuna jambo dogo Thesalonike ambalo watu wa kuhesabu nyakati hawalipendi. Waumini kule walikuwa wakitikiswa na habari za siku ya Bwana, na baadhi yao waliacha kazi wakawa wanazurura na kuwalemea wenzao. Paulo hakuwapa tarehe ya kuwatuliza. Aliwaamuru wakafanye kazi na kula chakula chao wenyewe. Kwa hiyo ukimsikia mhubiri akisema acha shule maana Yesu anakuja mwezi ujao, rudi darasani, na jioni umweleze mama yako alichosema.

Waberoya, katika Matendo sura ya 17, walimsikiliza hata Paulo mtume kisha wakaenda kuchunguza Maandiko kama aliyosema ni kweli. Paulo hakukasirika. Mchungaji anayekasirika ukimuuliza kitu kwa heshima, mwangalieni vizuri.

Watu wa Kitawala bado wako katika misitu yetu, nao ni jirani zetu. Wengine wanaishi kwa amani kabisa, wanalima, wanawaombea wagonjwa, na hawafanani na wale wa mwaka 1944. Msiwatupie mawe wala maneno. Akiwako mzee wao karibu na kwenu, mwamkieni kwa adabu, ketini, mumwombe awasimulie aliyoyasikia kwa baba yake juu ya Bushiri, juu ya mpira, na juu ya kazi za barabarani. Atawaambia mambo ambayo hayamo katika masimulizi yangu. Na akisema jambo ambalo hamlikubali, mwulizeni.